Baiskeli Isiyo na Keria

Mbele ya kibanda cha kinyozi kuna benchi refu, mguu wake mmoja umeungwa kwa kipande cha mlango wa zamani. Jua likianza kulegea mimi huweka jiko langu la mkaa pembeni yake, birika juu, vikombe ndani ya ndoo ya maji. Wananiita Mama Birika. Benchi si langu, lakini bila mimi lingekuwa ubao tu wa kusubiria kunyolewa. Wenyewe ni wanne. Wembe ndiye kinyozi. Hata akiwa na mteja kitini husikiliza ya benchini na kujibu kupitia dirishani. Injinia anatengeneza feni na pasi, na anaeleza hata yale ambayo hakuulizwa. Mzee Muhuri ni mstaafu wa ofisini, aligonga mihuri maisha yake yote na mpaka leo anaongea kama anagonga. Wa nne ni Fundi Meno, anayetengeneza meno ya bandia, mtu mpole, wa kikombe kimoja, msikilizaji. Haya ninayosimulia yalianza jioni aliyotufikia akiwa juu ya baiskeli.

Ilikuwa ile ya milimani, ya kijani, mpya kabisa, fremu bado ina nailoni ya dukani. Akashuka taratibu, akaiegemeza ukutani, akarudi nyuma kuitazama, kisha akaenda akaisogeza kidogo tena.

– Hongera, nikamwambia.

– Asante, dada. Ndiyo hivyo. Nimejinunulia.

Wembe akatoka na mashine mkononi. Mteja wake alibaki kitini, nusu ya kichwa imenyolewa.

– Ya nani hii?

– Yangu.

– Yako wewe? Ya kwendea wapi? Kazi unafanyia nyumbani! Kutoka kitandani mpaka kazini unavuka korido.

– Si ya kwendea kazini. Ya kuendesha tu.

– Kuendesha tu kwenda wapi?

– Kuendesha tu.

Injinia alikuwa ameshachuchumaa mbele ya baiskeli kama daktari mbele ya mgonjwa.

– Hii si ile ya bei ya chini kabisa?

– Ndiyo hiyo. Muuzaji kaniambia kwa mtu wa kujifurahisha inatosha.

– Muuzaji! Ulitaka akwambie haitoshi? Haya, keria iko wapi?

– Haina.

– Madigadi?

– Haina.

– Stendi?

– Nayo haina.

– Kengele je?

– Kengele nimenunua mwenyewe, akasema Fundi Meno, akaigonga. Kring!

– Jamani, Injinia akasema, huyu kauziwa usukani na magurudumu yake!

– Lakini ina gia ishirini na moja, Fundi akajitetea.

Mzee Muhuri akaweka kikombe chini.

– Ishirini na moja? Basi la abiria lina gia sita, linabeba ukoo mzima na magunia yao. Wewe mtu mmoja, tena uzito wenyewe wa jogoo, hizo gia zote ni kwa matumizi gani?

– Za mlimani, mzee wangu.

– Mlima uko wapi?

Fundi akanyoosha kidole. Nyuma ya mapaa, kupita machimbo ya kokoto, kuna kilima chenye tangi la maji juu yake. Sote tumekizoea kiasi kwamba hatukioni.

– Na tairi zina meno! Wembe akapiga kelele. Mnaona? Mtu huyu hata kwenye baiskeli kafuata meno!

Tukacheka sana, na Fundi mwenyewe akacheka kuliko wote. Siku ile kicheko kilikuwa kizuri.

Ikawa kila jioni anapitia kwanza kilimani, halafu ndiyo benchini. Anafika na vumbi mpaka magotini, shati limemganda mgongoni, anaomba kikombe chake na anakinywa akiwa amesimama. Jioni moja wenzake walikuwa wanagombana juu ya bei ya saruji, akasogea karibu na jiko langu.

– Dada, unaijua kazi yangu. Taya la plasta mkono huu, kisu cha nta mkono huu, taa hapa puani. Tangu asubuhi macho yangu hayaendi mbali kuliko mkono wangu. Nikiinua uso nakutana na ukuta wa jirani. Sasa ile mara ya kwanza nimefika kwenye tangi nikatazama huku chini, macho yaliniuma, unaamini? Kama miguu iliyokaliwa. Halafu yakaachia.

– Unapanda mpaka juu kabisa?

– Wapi! Nusu naendesha, nusu nasukuma. Kwenye kokoto nashuka naikokota kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Lakini kushuka, dada...

Hakumaliza. Alicheka tu, akanirudishia kikombe.

Ila benchi ni benchi. Likishapata jambo haliliachi mpaka limelitafuna lote.

– Mimi naogopa hiyo shokapu ya mbele, alisema Injinia. Ukikanyaga pedeli, nguvu inatakiwa iende nyuma kwenye gurudumu. Hiyo yako inapanda mbele, inabonyea pale, basi. Nusu ya chakula chako cha mchana inaishia kwenye springi.

– Na breki zake ni za waya, Wembe akadakia dirishani. Nina mteja wangu ana baiskeli ya breki za mafuta. Unagusa kwa kidole, inasimama. Hii ya kwako, waya ni waya. Siku moja utashuka kutoka kwenye tangi na hutasimama mpaka sebuleni kwa watu.

– Zinashika lakini, alisema Fundi.

– Zinashika leo.

– Mimi suala langu ni hicho kiti, alisema Mzee Muhuri. Chembamba. Damu inakatika kiunoni, na damu ikikatika kiunoni kumbukumbu inaondoka. Tulikuwa na mwenzetu ofisini, alisahau mpaka jina la mkewe.

– Alikuwa anaendesha baiskeli?

– Hapana. Lakini alikuwa anakaa vibaya.

– Tatizo hasa ni hii fremu, Injinia akarudi tena. Chuma kikiisha unakiona, kinaota kutu. Bati hili jepesi halioti kutu, linachoka kimoyomoyo. Unaliona zima, kumbe limeshachoka, siku hiyo linavunjika pwaa kama biskuti.

– Na enzi zetu, akasema Mzee, baiskeli ya ofisi ilikuwa nyeusi, ya chuma, nzito. Ukiigonga kwa fimbo inalia kama kengele ya shule. Hiyo ndiyo tuliita baiskeli.

Mwanzoni Fundi alikuwa anawajibu. Baadaye akaanza kuwauliza, na hapo mimi nikajua mambo yameharibika. Jioni moja alifika, hakuomba hata kahawa, akamshika Injinia mkono.

– Hebu sikiliza. Nikikanyaga, inalia. Krii. Unasikia?

Injinia akainamisha sikio, akazungusha pedeli, akafumba macho.

– Mh, akasema.

– Mh nini?

– Sitaki kukutisha.

Kesho yake Fundi akaja na picha kwenye simu: baiskeli za breki za mafuta, baiskeli zenye shokapu mbele na nyuma, baiskeli ambazo bei yake mtu angefungulia duka. Wembe akazipitisha moja moja kwa kidole chenye unga wa kunyolea.

– Sasa hizi ndizo baiskeli. Ile ya kwako ni ya kujifunzia.

Nilimwona Fundi akiitazama baiskeli yake pale ukutani. Aliitazama kama mtu aliyeambiwa mbele ya wageni kwamba shati lake limechanika mgongoni. Siku iliyofuata alikuja kwa miguu. Iliyofuata akaja kwa miguu tena, akakaa kidogo, akasema kichwa kinamuuma. Halafu hakuja kabisa.

Benchi likawa na nafasi ya mtu mmoja, na nafasi ile ikajaa maneno.

– Anaumwa, alisema Mzee Muhuri.

– Haumwi, alisema Injinia. Mteja wangu kamwona dukani ananunua mkate.

– Basi ana mwanamke, Wembe akasema. Kule kwenye tangi. Mtu mzima na akili zake apande mlima kila jioni kwenda kuangalia! Kuangalia nini? Mlinzi wa tangi ni mama mmoja mjane, tena si mbaya.

– Mnafikiri karibu karibu, alisema Injinia, akateremsha sauti mpaka wote tukainama. Unganisheni wenyewe. Fundi wa meno. Kuna meno ya nini?

– Ya bandia.

– Na ya nini tena?

– Ya dhahabu?

– Haya. Machimbo ya kokoto yako wapi? Njiani. Baiskeli haina keria, kwa nini? Ili mtu asishuku kwamba inabeba kitu!

– Sasa dhahabu anaibebea wapi?

– Ndani ya bomba la fremu. Ndiyo maana ile baiskeli ni nzito.

– Wewe si ulisema ni bati, jepesi?

– Ilikuwa nyepesi. Kabla ya dhahabu.

– Kama ni hivyo, alisema Mzee Muhuri, mamlaka husika zitakuwa na taarifa. Tusije tukaitwa mashahidi.

– Endeleeni, sauti ikasema nyuma yetu. Na mimi nataka kujua hiyo dhahabu iko wapi.

Alikuwa mke wa Fundi Meno. Anafundisha chekechea, mtaa mzima tunamwita Mwalimu, na siku hiyo alikuwa katoka kazini moja kwa moja, vidole vina rangi ya bluu na ya njano za watoto. Wembe akaruka.

– Shemeji! Karibu, karibu, kaa hapa.

Akakaa, katikati kabisa, pale pa mume wake. Nikampa kahawa. Akaipuliza bila haraka.

– Shemeji zangu, nina swali. Ni nani kati yenu alimwambia mume wangu kwamba baiskeli yake si baiskeli?

Injinia akatazama viatu. Mzee akatazama mawingu. Wembe akakumbuka kuna mteja ndani, akanyanyuka, akakumbuka hakuna, akakaa.

– Si kwamba tulisema si baiskeli, shemeji, akasema. Tulikuwa tunachangia.

– Mmechangia vizuri. Nyinyi mnamjua wa kikombe kimoja cha jioni. Mimi namjua wa nyumbani. Miaka yote mume wangu akitoka kwenye kile chumba cha meno anapita sebuleni kama anapita stendi ya mabasi. Anakula, kichwa kinamuuma, analala, uso ukutani. Si mkorofi, sijawahi kutukanwa. Hayupo tu. Basi akanunua ile baiskeli. Nilinuna, sifichi, nilikuwa nataka kabati. Lakini akaanza kurudi na habari. Leo kaona mvua inanyesha ng'ambo ya reli, huku kwetu jua. Leo kaona paa la shule yangu, lina bati moja jekundu katikati. Mimi nafundisha chini ya lile paa, sijawahi kujua! Anakula huku anaongea. Ananiuliza na mimi siku yangu ilikuwaje. Jamani, mimi nilikuwa nimerudishiwa mume.

Nikamwongezea kahawa.

– Na sasa? nikamuuliza.

– Sasa iko nyuma ya mlango, kaifunika shuka. Anasema ni ya kitoto, anaona haya kupita nayo mbele za watu. Ati atanunua ya kweli akijaliwa. Na hatajaliwa karibuni, hilo mimi najua na nyinyi mnajua. Kesho alasiri kuna mtu anakuja kuitazama, akiipenda anaondoka nayo. Nimemwambia usiuze. Ananijibu, "Wewe hujui baiskeli. Wenzangu wanajua."

Akawapitia mmoja mmoja kwa macho, kama watoto waliomwaga rangi.

– Wenzake ndio nyinyi.

Akamaliza kahawa, akanishukuru, akaenda zake.

Benchi likarudi kwenye tabia yake.

– Mimi ninao mpango, alisema Injinia. Nakwenda kabla ya mnunuzi, nalegeza nati moja tu. Akipanda, usukani unageuka peke yake. Ataikimbia.

– Umuue mtu wa watu? akasema Wembe. Bora tumwambie mnunuzi kwamba mwenye baiskeli wa kwanza alifia juu yake. Nani atanunua?

– Mwenye baiskeli wa kwanza ni Fundi, nikasema.

– Basi tuseme karibu afe.

– Utaratibu ni barua ya pingamizi, alisema Mzee Muhuri. Nakala tatu. Moja ya mnunuzi, moja ya muuzaji, moja ibaki benchini.

– Nendeni mkamwambie mlikuwa mnaongea tu, nikasema mimi.

Walinitazama kana kwamba nimewaambia wapite sokoni uchi.

– Kuongea tu kivipi, Mama Birika? Injinia alikasirika hasa. Mimi nilitoa maoni ya kitaalamu.

– Umewahi kuwa na baiskeli ya gia?

– Utaalamu si lazima uwe nayo.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana nilibeba birika langu la moto na vikombe kwenye kikapu, nikaelekea kwa Fundi Meno. Najua tabia yao: kahawa ikienda, wanaifuata. Nilipofika kona nikageuka, nikawaona wanakuja watatu, Wembe nyuma kabisa na ufunguo wa kibanda mkononi. Alikuwa amefunga kazi siku ya Jumamosi, siku ya vichwa.

Mwalimu alitufungulia, akatuonyesha korido kwa kidevu.

Chumba cha Fundi ni cha nyuma, chembamba, kina harufu ya nta na plasta mbichi. Ukutani kuna rafu za mataya meupe, mengine mazima, mengine mapengo, yote yametoa meno kama yanatucheka. Fundi alikuwa ameinama chini ya taa, kitambaa kimefunika pua, anasugua ufizi wa waridi kwa msasa mwembamba. Aliinua uso, macho mekundu.

– Kuna nini? Nani amefariki?

– Hakuna aliyefariki, alisema Mzee Muhuri na kukohoa. Sisi kama wajumbe wa benchi, baada ya kukaa na kutafakari, tumeona kwamba...

– Tumekuja kuiona baiskeli, Wembe akamkata.

– Ya nini? Si ni usukani na magurudumu yake tu.

Alilisema kwa upole uleule wake, na ndiyo maana liliuma. Injinia akageukia rafu, akawa anahesabu mataya.

– Nataka kuiendesha, akasema Wembe.

– Wewe?

– Mimi. Mara moja. Niuone mwenyewe huo ubaya niliokuwa naueleza, maana sijawahi hata kuikalia.

Fundi akatazama ule ufizi mkononi, akauweka juu ya kitambaa, akanyanyua mabega. Mwalimu hakungoja zaidi. Tulipofika uani tulimkuta ameshaitoa nje, shuka liko begani mwake. Tairi zilikuwa zimelegea. Fundi alizibonyeza kwa kidole gumba, ya mbele, ya nyuma, uso ukamkunjamana, akaingia ndani akatoka na pampu. Hakuna aliyemwambia. Akapiga pampu mpaka jasho likamtoka, akabonyeza tena, akatikisa kichwa kuridhika.

Wembe akapanda. Akakanyaga. Baiskeli haikwenda.

– Ni nzito!

– Iko gia kubwa hiyo! Punguza! Kidole gumba, kushoto!

Krak, krak, ikalia cheni.

– Usikanyage kwa nguvu huku unabadilisha, utaikata! Lainisha mguu! Haya, sasa!

Baiskeli ikafyatuka. Wembe akazunguka kamba ya nguo, akapenya katikati ya mashati mawili, akatokea upande wa pili na soksi begani, ndoo ikawa mbele yake.

– Breki! Fundi akapiga kelele.

Wembe akashika zote mbili. Baiskeli ikasimama papo hapo, yeye akaendelea kidogo, tumbo likaangukia usukani. Akabaki hivyo anahema, ndoo iko hatua moja mbele yake.

– Zinashika! akasema. Jamani, breki zinashika kweli!

– Si ulisema waya ni waya? nikamuuliza.

– Nilisema. Sikuwa nimezishika.

Mwalimu akajifunika mdomo kwa shuka. Nikamgeukia Mzee Muhuri.

– Na wewe mzee wangu, ile nyeusi ya ofisini ulikuwa unaiendesha hivi?

Mzee akarekebisha kofia yake mara mbili.

– Ile alikuwa anaiendesha tarishi, akasema. Mimi nilikuwa nagonga muhuri ruhusa yake ya kutoka.

– Kwa hiyo wewe...

– Mimi nilikuwa napenda kuisikia ikirudi. Basi.

Akabaki Injinia. Alikuwa amechuchumaa tena mbele ya baiskeli, lakini safari hii hakuwa na uso wa daktari. Aliinyanyua kidogo nyuma, akazungusha pedeli. Krii. Krii. Akatoa kichupa cha mafuta mfukoni mwa shati, akadondosha tone moja, akazungusha tena. Kimya.

– Ni mafuta tu, akasema, bila kumtazama mtu. Nilijua siku ileile.

– Ulijua? akauliza Fundi. Mbona hukuniambia? Nilikosa usingizi kwa hiyo krii!

Injinia alifunga kifuniko cha kile kichupa taratibu sana.

– Ningekwambia, kesho yake ungeniuliza nini tena? Pale benchini watu hawaniulizi, Fundi. Naongea mwenyewe. Wewe ulikuja ukanishika mkono, ukasema hebu sikiliza.

Fundi akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akachuchumaa na yeye, pembeni yake, akashika pedeli.

– Na huku kwenye gia za nyuma, akasema, ikifika ile ndogo kabisa inasitasita. Kwa nini?

– Wapi? Hapa? Injinia akagusa waya. Hapa ni huu waya umelegea. Unakaza hiki kidude robo mzunguko. Siyo nusu. Robo.

– Kaza.

Akakaza. Wakaangalia wote wawili kama watu wanaosubiri maziwa yachemke.

– Jaribu sasa, akasema Injinia.

– Ngoja niwaonyeshe vizuri, Fundi akasema, akivua aproni yenye unga wa plasta. Wembe, ona gia zinavyobadilishwa. Unaanza nyepesi, unasikiliza, halafu ndiyo unapandisha.

Akapanda. Akazunguka ua mara ya kwanza, akitueleza. Mara ya pili alieleza kidogo. Mara ya tatu hakueleza kitu, mgongo ulikuwa umenyooka na kile kitambaa cha pua kinapeperuka shingoni mwake. Nikamwona Mwalimu anakwenda bila haraka mpaka getini, anatoa komeo, analifungua geti lote, kisha anasimama pembeni kana kwamba limefunguka lenyewe. Fundi alilitazama mara moja. Akagonga kengele, kring, akatoka.

Tukasikia tairi kwenye changarawe, zikikolea, kisha zikipotea.

Wenzangu wakajipanga kizingitini kwa Fundi kama wanavyojipanga benchini. Nikamimina. Mwalimu akaleta kigoda akakaa nasi, shuka limekunjwa mapajani. Tulikuwa hatujamaliza hata duru ya kwanza, geti likagongwa ingawa lilikuwa wazi.

Alikuwa nesi, mwanamke wa makamo mwenye viatu vyeupe vya kazini, na kwapani ameshika kofia ngumu ya baiskeli, mpya, bado ina karatasi ya duka.

– Hamjambo? Nimekuja kuitazama baiskeli. Niliambiwa kuna inayouzwa.

Tukatazamana.

– Ipo, akasema Wembe. Imetoka kidogo.

– Imetoka?

– Na mwenyewe.

– Yuko kwenye ukaguzi, alisema Mzee Muhuri.

– Aa. Ni nzuri lakini? Mimi si mtu wa mashindano. Nataka ya kunyooshea viungo tu nikitoka zamu.

Basi hapo benchi likajisahau.

– Breki! akasema Wembe. Shika breki zake uone!

– Kwa bei ile hupati kitu kama kile, alisema Injinia. Fremu nyepesi, haioti kutu, na gia nimezikaza leo hii kwa mkono wangu...

Mwalimu akakohoa. Wembe akashtuka, akamkanyaga Injinia mguu.

– Yaani mbaya sana, akasema haraka. Mbaya mno. Usiinunue.

Nesi alitutazama mmoja baada ya mwingine, halafu akaangua kicheko, kile cha mtu aliyesimama zamu nzima na hatimaye amepata pa kucheka.

– Nisamehe, mgeni wangu, alisema Mwalimu, akimwachia kigoda chake. Nadhani haiuzwi tena. Asubuhi ilikuwa inauzwa, imebadilika sasa hivi. Lakini alikoinunua zipo nyingine kama hiyohiyo, nitakuelekeza mwenyewe.

– Wala msijali. Bora nimngoje nimwulize anayeitumia, anieleze vizuri kabla sijanunua. Alikaa, akaweka kofia yake mapajani, akapokea kikombe nilichompa. Mwenyewe atarudi saa ngapi?

Mzee Muhuri alifunua saa yake, akaitazama, akaifunika tena. Wembe akasimama akachungulia barabarani, huku na huku. Injinia akafungua mdomo, na nilimsubiri kabisa, lakini akaufunga bila neno, akatabasamu.

Mwalimu alikuwa ameegemea nguzo ya geti, anacheka peke yake bila sauti, machozi yanamtoka.

– Hapo, mgeni wangu, akasema, umetuweza.